Mstari Nilioukimbia Takawiri

Nyinyi watu wa pale kwa kinyozi mmenisumbua. Kila mmoja ananishika mkono: "Baba Mwita, ni kweli ulimkana mtoto wako huko ziwani?" Nikimweleza mmoja, anaenda kuwapa wengine habari iliyoongezwa mkia na pembe. Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, msomeane. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nazunguka, nivumilieni, hata nikiongea nazunguka. Mambo ya nauli na vitambulisho nayaruka. Hayana utamu.

Kilichonitoa nyumbani ni simu. Mwanangu Mwita anatengeneza injini za mashua kisiwani Takawiri. Ameoa huko huko, mke wake Atieno ni Mjaluo wa kisiwa. Sasa alikuwa anagombea uenyekiti wa kamati ya bichi, ile inayoamua nani avue, kwa nyavu gani, na nani akae pale ufuoni na kazi yake. Akaniambia, "Baba, njoo. Wanasema mimi ni Mtanzania."

"Si uwaonyeshe kitambulisho?"

"Nimeonyesha. Wanasema kitambulisho cha mpakani hata ng'ombe anaweza kupata. Wanataka kuona baba."

"Na wasipomwona?"

"Watanitoa kwa uanachama. Na asiye mwanachama haruhusiwi kuwa na banda la kazi kwa bichi. Nitabeba spana zangu nihame na watoto."

Basi kama ni baba wanamtaka, baba yupo.

Kehancha mpaka Migori

Nilitoka Kehancha kwa boda, na kabla hatujafika lami mvua ikatukamata. Tukakimbilia banda la kukaushia tumbaku. Ndani tulimkuta mwenye banda anachoma mahindi, akatupa bila kuuliza sisi ni nani. Tulikaa mpaka nguo zikanuka moshi, na mwenye boda, aliyekuwa na haraka kushinda mvua, akawa ndiye anayesinzia.

Ngoja niseme jambo moja hapa ili baadaye msiniulize. Mwita alizaliwa upande wa Tanzania. Mama yake alikuwa ameenda kwao kumwona mama yake, karibu tu na Sirari, na mtoto hakungoja arudi. Nyinyi mnajua mpaka wetu ulivyo. Mjomba wangu alikuwa analala Kenya na ng'ombe wake wanakunywa maji Tanzania, na hakuna ng'ombe aliyewahi kulalamika. Hapa Kehancha nikisema mtoto alizaliwa kwa bibi yake, mnauliza kama bibi alichinja mbuzi. Lakini nikawa najiuliza, watu wa ziwa watauliza nini?

Yule mwenye banda nilimweleza habari yangu. Akafikiri akigeuza hindi. "Mzee, sema alizaliwa hapa Kehancha. Nani ataenda kuangalia?"

Nikamaliza hindi langu. Mvua ilikatika, tukaenda.

Migori

Migori nilikuwa nimeahidiwa lori la viazi vitamu linaloenda Homa Bay. Lori lilikuwepo. Viazi ndivyo vilikuwa havijafika. Nikakaa kwa hoteli moja ya chai karibu na soko, na meza yangu ikakaliwa na mama mmoja kutoka Musoma, Bi Rehema, mfanyabiashara wa vitenge. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Mimi nikisema "hii chai iko na baridi," yeye anatabasamu kama mtu anayemtazama mtoto akianza kutembea.

Nilimwuliza, huko kwenu mwenyekiti wa kijiji anatoka wapi?

"Tunamchagua," akasema. "Anagombea, tunampigia kura. Kwani ninyi chifu wenu hamumchagui?"

"Chifu? Chifu anaajiriwa. Siku moja unaamka unaambiwa, huyu ndiye chifu wako."

"Jamani! Mtu wa kuwasuluhisha ugomvi wa kuku mnaletewa tu?"

"Lakini gavana tunamchagua," nikasema, kwa sababu sikutaka kushindwa mbele ya chai yangu. "Wenu wa mkoa je?"

Akakoroga chai yake. "Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais."

"Aha!"

"Aha nini, mzee wangu? Gavana wako unamwona mara ngapi? Mwenyekiti wangu namgongea mlango."

Tukacheka. Lakini lile jambo limekaa kichwani mwangu mpaka leo. Nchi mbili zinazogusana, moja inachagua miguu na kuletewa mabega, nyingine inachagua mabega na kuletewa miguu, na kila moja inamwonea huruma mwenzake. Nikamwuliza kuhusu lile bunge la Jumuiya, la nchi zetu zote hizi kwa pamoja, kama yeye aliwahi kuwapigia kura wabunge wake.

"Mimi? Wabunge wetu ndio wanaowachagua."

"Hata kwetu."

"Basi hapo tumelingana," akasema, akaniongezea andazi lake. Lilikuwa na iliki. Sisi huku iliki hatuijui kwa andazi, lakini nimeanza kufikiri tunakosea.

Viazi vilifika jua likiwa limeanza tu kupinduka. Yule mama aliniaga akaniambia, "Mzee, ukifika huko sema kweli. Uongo wa mpakani huwa una miguu miwili, mmoja kila nchi."

Homa Bay

Kutoka Homa Bay nilikuwa nimeambiwa kuna gari la mtu mmoja, Ochieng, linalopeleka mizigo Mbita. Nikampata, mtu mpole, amevaa kofia ya ukindu. Nikamwambia twende. Akaangalia jua.

"Jaduong'," akasema. Hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee kwa heshima. "Leo ni Ijumaa. Jua likizama, mimi na gari tunapumzika mpaka likizama kesho."

"Na mizigo?"

"Mizigo pia."

Nilikasirika. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, Sabato sikuipangia. Lakini Ochieng alinichukua nyumbani kwake kama ndugu. Mke wake alikuwa ameshapika vyote, kwa sababu siku ile jiko halina kazi kubwa. Wakaniletea ugali na omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Jamani, mimi ni mtu wa ng'ombe. Nikainua kifuniko, nikaona bakuli zima la macho linanitazama. Mama akaona nasitasita.

"Baba, huli?"

"Nakula. Naona tu wameniona kwanza."

Alicheka mpaka akakaa. Nikala, na chumvi ilikuwa imekaa pake.

Kesho yake nikaenda nao kanisani, sina pengine pa kwenda. Nikakuta wanachagua viongozi wa kanisa. Sasa hapo nilikaa wima. Hakuna anayegombea! Mtu akijitokeza kusema nataka cheo, ameshakosa. Kamati ndogo inaketi chumbani, inaleta majina, halafu waumini wanainua mikono. Nilimnong'oneza Ochieng, "Na kama humtaki aliyeletwa?"

"Unaenda kuwaambia kamati, polepole, nje ya macho ya watu. Wanarudi chumbani."

"Na wakimrudisha yule yule?"

"Basi Bwana amesema."

Nikakumbuka iritongo letu, tunapokaa Wakuria wote kwa nyasi. Hakuna mkono unaoinuliwa, hakuna anayehesabu. Tunaongea mpaka yule wa mwisho anayekataa achoke, au atushawishi sisi. Na kila aliye pale ni wa pale: kama umekaa kwenye nyasi na unasikia, wewe ni mmoja wetu mpaka tutakapoinuka. Nilimweleza Ochieng. Akasema, "Na kama yule wa mwisho hachoki?" Nikamwambia tulikuwa na mmoja hivyo, tulimaliza msimu wa mtama tukimsikiliza.

Mbita na majini

Alfajiri ya Jumapili Ochieng alinishusha Mbita, akakataa hata asante ndefu. Mashua ya Takawiri ilingoja abiria, kisha mafuta, kisha mtu aliyesahau kuku wake. Mimi maji yananifika gotini naanza kuomba watakatifu, kwa hiyo nilikaa katikati, nimeshika ubao.

Mbele yangu alikaa mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Akaniona natetemeka, akavua koti lake la mvua akanifunika nalo.

"Jaduong', wewe si mtu wa maji. Unaenda kwa nani?"

Sijui kwa nini nilisema, "Naenda kuona ziwa."

"Ziwa si liko hata Homa Bay? Ulilipita na macho yamefungwa?"

Mashua yote ikacheka. Kumbe huyu ndiye Odongo, mwenye mashua nyingi, mpinzani wa mwanangu. Alianza kuwahubiria abiria palepale, kwa Kiswahili, kwa ajili yetu wachache tusio Wajaluo.

"Kesho tunachagua. Kuna fundi anataka kiti. Fundi mzuri sana! Hii injini mnaisikia ikiimba, ni yeye aliitengeneza. Lakini ni mtu wa Tanzania. Fundi ni fundi, mwenyekiti ni mwenyekiti."

Nikatoa kichwa ndani ya koti lake. "Na Jumuiya? Si tunaambiwa sisi wote ni kitu kimoja?"

"Mzee, Jumuiya inakuruhusu kuvuka, ununue, uuze, urudi kwenu. Haikuruhusu kukalia kiti changu."

Mama mmoja mwenye beseni akasema, "Na samaki anayetoka upande wao akaingia upande wetu?"

"Huyo tunamla," akasema Odongo.

Nilicheka na wengine. Nitadanganya nini? Ilikuwa tamu. Na koti lake lilikuwa kavu.

Takawiri

Mwita alinipokea mchangani. Ameanza mvi, mwanangu. Atieno alinisalimu kwa mbali, amepiga magoti kidogo, macho chini, kama ambavyo Mwita alikuwa amemfundisha desturi za kwetu. Kulala kwenye nyumba ya mtoto haifai, kwetu na hata kwao, kwa hiyo nikapelekwa kwa Min Owuor, yaani mama yake Owuor, bibi mkavu anayeanika samaki, mwenye kukohoa kabla ya kusema neno la maana. Alinipa samaki mzima kwenye sahani, aina ya ngege. Sikulalamika. Yule alikuwa na macho mawili tu.

Jumatatu asubuhi watu walijaa chini ya paa la mabati wanapopimia samaki. Afisa wa samaki alikuwa amekuja kusimamia, mama mwenye miwani, wakimwita Madam. Akauliza, baba yake mgombea yuko?

Nikasimama. Odongo akaruka. "Wewe! Mtu wa kuona ziwa!"

"Nimeliona," nikasema. "Ni kubwa."

Kicheko kikapita. Odongo hakucheka. "Madam, huyu mzee jana alificha. Mtu na mtoto wake anaficha nini? Amekodiwa huyu. Wazee wa kukodiwa wapo."

Madam akaniuliza, "Mzee, Mwita ni mtoto wako?"

"Wangu."

"Wewe ni raia wa wapi?"

"Wa Kenya. Baba yangu pia, na kaburi lake liko Kehancha."

"Mwita alizaliwa wapi?"

Nilimwona Mwita anatazama vidole vya miguu yake. Nikakumbuka lile hindi la kuchoma, na ule ushauri wa lile banda. Lakini mimi mdomo wangu nyinyi mnaujua, ukishafunguka hauna mlango wa pili. Nikasema, "Alizaliwa Tanzania. Kwa bibi yake mzaa mama."

Lo! Kelele zilizotoka hapo, ndege wa majini waliruka. Odongo aliinua mikono juu kama aliyefunga goli. Mwita alikaa chini.

Madam aligonga meza mpaka wakachoka. Akasema, polepole, kwamba sheria ya nchi hii haiulizi kitanda kilikuwa wapi. Mtoto wa raia ni raia, hata akizaliwa mwezini. "Kama huyu ni baba yake, mgombea yuko sawa. Mwenye shaka kuhusu ubaba, aseme."

"Mimi nina shaka," akasema Odongo.

"Una ushahidi?"

"Bado."

"Basi tunapiga kura. Ukipata ushahidi kabla hatujamaliza, utaniambia. Simameni. Kila mtu nyuma ya mtu wake."

Huko kura ni ya miguu. Mgombea anasimama mbele, watu wanapanga mstari nyuma yake, wamebanana kifua kwa mgongo ili mtu asiingie katikati na asihesabiwe mara mbili. Nami niliposikia "kila mtu", nikainuka. Si nilikuwa hapo, nimekaa, nasikia? Kwetu hiyo inatosha.

Nikaenda kwa mstari wa Mwita. Watu wakanipisha kwa heshima, wakanisukuma mbele: "Baba apite! Baba akae karibu na mtoto!" Nikasukumwa, nikasukumwa, mpaka nikaona mgongo ulio mbele yangu ni wa Atieno.

Sasa nyinyi mnaelewa. Mke wa mwanangu! Sile naye meza moja, sikai kitandani anapolala, nguo yangu haigusi nguo yake. Na nyuma watu wanasukuma, nafasi haitoshi hata kiganja. Ningefanya nini? Nilitoka. Nikaenda pale palipokuwa na nafasi, nikasimama, nikapumua.

Palipokuwa na nafasi ni nyuma ya Odongo.

Kwanza waligeuka watu wa mstari wake. Halafu Odongo akageuka akaniona kwenye mstari wake, na alicheka cheko ambalo nadhani lilifika Mbita.

"Madam! Ushahidi huu hapa! Hata yeye amemkataa! Mzee wa kukodiwa ameshindwa kazi!"

Watu wakaanza kuhama mstari wa Mwita, mmoja, wawili, wakinifuata mimi. Mwita alinitazama. Sitaki kuwaelezea alivyonitazama. Nilitaka kusema, lakini neno lenyewe ni la aibu. Utawaambiaje watu mia, na yeye anasikia, kwamba umekimbia mgongo wa mke wa mtoto wako?

Atieno ndiye aliyesema. Alitoka mstarini, akarudi nyuma mbali, akafunika uso na kitambaa, akasema kwa sauti, Kijaluo kwanza kisha Kiswahili: "Ni mimi! Baba hawezi kunigusa. Mlimsukuma kwangu. Angesimama wapi?"

Minong'ono. Odongo akasema, "Hadithi."

Hapo Min Owuor akakohoa. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa Odongo, mjue, na hakuuacha.

"Odongo, wewe mke wa mtoto wako unaweza kubanana naye kifua?"

"Mungu anisaidie!" akasema Odongo, kabla hajafikiri.

"Mzee wa kukodiwa angejua kukimbia? Mzee wa kukodiwa angesimama hapo hapo, mpaka jioni, akingoja chakula. Huyu amekimbia mbele ya watu wote, akaja hata kwa adui. Huyo ni baba yake kabisa."

Watu walipiga makofi, hata wa mstari wangu. Odongo alijikuna shingo. Akasema, "Madam, naondoa shaka."

Madam akaandika. Kisha akaniangalia juu ya miwani. "Na wewe mzee, ni mwanachama wa bichi hii?"

"Hapana, mimi ni wa Kehancha."

"Sasa unafanya nini kwenye mstari?"

"Mlisema kila mtu."

"Kaa chini, Jaduong'."

Nikaketi juu ya ndoo. Walihesabu. Mstari wa Odongo ulikuwa mrefu zaidi, na ungekuwa mrefu hata bila mimi: ana mashua nyingi, na watu wana watoto wa kulisha. Mwita alishindwa. Alimpa Odongo mkono, jina lake likabaki kwa uanachama, na mchana akarudi kwa spana zake. Ndiyo hivyo. Sikumkana mtu, na anayewaambia hivyo mleteni kwangu.

Jioni nilikuwa nimekaa nje ya banda lake nikimtazama akifanya kazi. Odongo akaja, amebeba injini begani, akaitua mbele ya Mwita akaketi karibu nami bila kukaribishwa.

"Omera," akamwambia Mwita, yaani ndugu yangu, "usisikitike. Mara ijayo nitakushinda tena."

"Mara ijayo nitakuwa nimejifunza matusi yote ya Kijaluo," akasema Mwita, akiwa ameshaanza kufungua nati.

"Hata ukijifunza. Nitakushinda, na mtoto wangu atamshinda mtoto wako."

Mimi nilisogeza sahani yangu ya samaki katikati yetu. Nilikuwa nafikiri kwamba mgeni hakuna anayemwahidi kumshinda mara ijayo. Mgeni anaambiwa aende. Odongo akanyoosha mkono akachukua samaki kwenye sahani yangu, akala, akaendelea kumtukana mwanangu mpaka injini ikawaka.